Nilivyopewa Mshipa Nisiokuwa Nao

Wakuu wa uzi huu, salaam aleikum nyote, mliokaa mbele na mnaosoma kwa kuchungulia bega la mwenzenu.

Leo sina utani. Najua mshaanza kucheka. Mtu aliyeandika muhula uliopita kwamba punda wa mwalimu mkuu anajua tables mpaka ya saba, leo anaapa kusema kweli! Basi ndiyo hivyo. Nikitia chumvi hata punje, mtundu mmoja aukate uzi huu na karatasi zangu ziende zikaliwe na kunguru.

Kwa wageni wa darasa la chini, hasa wale wawili wa Kiunga waliofika majuzi: hiki mnachokiona kimefungwa toka dirishani mpaka kwenye msumari wa picha ya Malkia ni uzi wa kuvulia, mshipi. Mwenye jambo huliandika na kulitundika hapa, na mwenye la kujibu hujibu chini yake kwa penseli. Mwalimu anajua, anajifanya hajui, na tukishaondoka anakuja kusoma. Good evening, sir.

Nimesema mshipi, si mshipa. Mshipa ndio kisa chenyewe, na neno hilo moja limekaribia kuvunja arusi ya dada yangu.

Nieleze, maana kuna wa bara pia wanaosoma.

Bara, mshipa ni njia ya damu, basi. Ule unaotuna mkononi ukikunja ngumi. Kwetu Amu nao ni huo, lakini ukisema "fulani ana mshipa" hakuna atakayetazama mkono. Watatazama kikoi. Ni ule ugonjwa wa wanaume, korodani zinajaa maji na kuvimba, mpaka mtu anatembea kama anayevuka matope ya mikokoni. Bara wanauita busha. Sisi tunauita mshipa, na tunauita kwa sauti ya chini.

Sasa, kila mtu mjini hapa ni daktari wa jambo hili.

Mamangu anasema ni madafu. Mvulana akinywa madafu mengi, yale maji hayana pa kwenda, yanashuka. Jirani yetu Bi Zuhura anasema ni kukaa juu ya baraza la jiwe likiwa na moto wa jua. Babangu, ambaye ni seremala, anasema ni kunyanyua ubao bila bismillahi. Lakini wote wanaafikiana kwa moja: mshipa ukiingia nyumba hautoki. Baba hupata, mwana hupata, mjukuu anangoja zamu.

Hilo la nyumba msilisahau.

Mnakumbuka mwanzo wa muhula alipokuja daktari wa serikali na dresa wake, msaidizi wa hospitali, wakatukusanya wakubwa wa shule. Daktari alisema kwamba siku hizi imeshajulikana: mshipa na matende ni ugonjwa mmoja, unatokana na vidudu vyembamba kuliko unywele, na anayevihamisha toka mtu hadi mtu ni mbu. Si dafu, si jiwe, si ubao.

Mimi ndiye niliyenyoosha mkono. Nikauliza, mbu mdogo vile atabebaje mzigo mkubwa vile?

Mlicheka nyote, msikane. Daktari hakucheka. Dresa akanitafsiria jibu lake: "Habebi mzigo. Anabeba mbegu."

Nilikaa chini. Lilikuwa jibu zuri kuliko swali langu, na mimi sipendi hilo.

Kisha wakatwambia turudi baada ya isha kutobolewa vidole, kwa sababu vile vidudu vikubwa vinazaa vitoto, na vile vitoto mchana vinajificha ndani kabisa ya mwili, usiku ndipo vinatoka kutembea kwenye damu. Tukarudi, tukapanga foleni mbele ya taa ya karabai, kila mtu akatoa tone lake. Nikamnong'oneza Twaha kwamba hivi vidudu vinamcha Mungu, vinangoja adhana ya isha ndio vitoke.

Mungu akanisikia.

Majibu yalipokuja, Twaha hana kitu. Mimi ninavyo. Twaha ni binamu yangu, tunalala kwetu chumba kimoja na chandarua kimoja chenye tundu moja, na tundu liko upande wangu. Hiyo ndiyo sayansi yote, wakuu.

Nisikilizeni vizuri hapa. Kuwa na vidudu damuni si kuwa na mshipa. Daktari alilisema wazi. Wengi wanavyo na hawavimbi wakati huo, wengine hawavimbi maisha yao. Ukipewa vidonge mapema, vile vitoto vinakufa. Mimi sikuwa na uvimbe wowote, na sina mpaka leo. Anayetaka kubisha abishe, lakini simwonyeshi.

Nikaambiwa niende hospitali kuchukuliwa damu nyingine, ya kutazama kama mwili utastahimili vidonge. Safari hii si ya kidole. Ya mshipa wa mkono.

Mnaona tunakoelekea.

Hospitali asubuhi ile ilikuwa imejaa. Watoto wa kikohozi, watu wa macho, na Bi Zuhura ambaye hana ugonjwa ila hupenda kujua wenzake wana nini. Dresa ni mtu wa bara, mwema, lakini sauti yake imezoea mabonde. Akatokeza mlangoni akaniuliza kutoka kule alikokuwa:

"Wewe kijana, umekuja ya kidole au ya mshipa?"

Nami kwa ujinga wangu, kwa kuwa ndivyo nilivyoambiwa, nikajibu kwa sauti ya mtu aliyefundishwa kujibu sentensi kamili:

"Mimi ni wa mshipa."

Watoto wakaacha kukohoa.

Nikageuka, nikamwona Bi Zuhura anashusha buibui usoni taratibu, kama mtu aliyemaliza haja yake. Hakungoja hata ile dawa ya macho aliyoisingizia.

KARATASI YA PILI

Naona washaandika chini ya karatasi ya kwanza. Aliyeandika "muongo" mara tatu, mwandiko wako naujua, Twaha, na "muongo" haliandikwi kwa h. Yule wa Kiunga aliyeuliza kama vidonge vinauma: haviumi, lakini vinaleta homa, kichwa kinagonga, mwili unawasha. Dresa alisema ndiyo dalili kwamba vidudu vinakufa. Nilimwambia kama vinakufa basi vifanye haraka. Homa ikapita, nikala kama kawaida.

Tuendelee.

Toka hospitali mpaka kwetu Mkomani si mbali, na mimi sikusimama njiani. Lakini habari ilinitangulia. Nilipoingia nilimkuta mamangu amekaa ukumbini na wanawake wawili wa mtaani, na wote watatu hawakunitazama usoni.

Nikaeleza. Nikaapa. Mamangu akanitazama tu. Tatizo langu mnalijua: nimeapa sana katika maisha yangu. Niliapa kwamba kadhi ameruhusu kufungua mapema kwa wenye mtihani. Niliapa kwamba meli ya mafuta imeleta simba. Sasa nilikuwa na kweli moja mkononi na sina wa kuipokea.

Siku zilizofuata zilikuwa hivi. Muuza madafu wa forodhani alinikatalia dafu. Alisema hataki lawama. Mwalimu wa chuoni, pale ninaposomea Kurani, aliniletea mto wa kukalia. Nyinyi wenyewe mkanipa jina la Mshipa, na mmoja wenu alinichora ubaoni na magurudumu.

Mimi ni mtu wa mzaha, sikukasirika. Nitasema kweli zaidi: nilishawaza kuchukua nazi ya mamangu, niitie ndani ya kikoi, nipite nayo taratibu mbele ya baraza za Mkomani saa watu wanatoka msikitini. Nazi nilishaichagua.

Nikiwa nayo mkononi ndipo nikamsikia dada yangu analia chumbani.

Dada yangu Mwanaidi alikuwa ameposwa na Kassim, mwana wa Bwana Shee. Bwana Shee mnamjua, ndiye mwenye ile minazi ya nyuma ya mji na ghala la nazi karibu na forodhani. Mtu mzito, mpole, na mji mzima unamsema kwa jambo moja: hanywi dafu. Minazi yote ile, na hajaonekana na dafu mdomoni. Watu husema ni ubahili, anaona akinywa moja ataikosa faida yake. Na jambo jingine, ambalo mimi sikulitia maanani wakati ule: barazani huwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka.

Arusi ilikuwa iwe baada ya Maulidi. Vitu vishanunuliwa. Babangu alishamaliza kuchonga kitanda, kile cha miguu ya kukerezwa, alichokikataza kukaliwa na mtu yeyote na mimi nikakilalia mara moja tu.

Siku ile mkewe Bwana Shee, Bi Khadija, alituma mtu. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Tungoje kidogo."

Wa bara mtadhani ni habari njema. Amu, "tungoje kidogo" ni la. Ni la iliyovaa kanzu ya Ijumaa. Na sababu haikuhitaji kusemwa. Nyumba yetu imeingia mshipa, na ukiingia nyumba hautoki.

Niliirudisha nazi jikoni.

Nikasimama mlangoni kwa Mwanaidi nikaanza kusema jambo la kumchekesha, sikumbuki hata lilikuwa lipi. Akanyanyua uso.

"Wewe huchekesha watu wote," akasema. "Haya. Nichekeshe na mimi."

Nikaufunga mlango taratibu, nikatoka.

Babangu si mtu wa maneno. Alifikiri njia ya kwanza, akaenda kwa ngariba aliyenitahiri. Yule mzee akakubali kushuhudia, akasimama nje ya msikiti akasema mwana huyu namjua, nilimtahiri kwa mkono wangu, alikuwa mzima kama shilingi. Wakamjibu kwamba ni kweli, lakini hiyo ilikuwa zamani, mshipa huja baadaye. Yeye mwenyewe akakiri kwamba hilo nalo ni kweli. Akaenda zake.

Njia ya pili ilikuwa yangu. Nikamwomba dresa aje aeleze mwenyewe, barazani, baada ya alasiri, wazee wakiwa wamekaa. Nilidhani mtu wa serikali akisema, maneno yamekwisha.

Alikuja, maskini, na kaptula yake imepigwa pasi. Wazee walikuwa wamejaa, Bwana Shee katikati yao. Dresa akakunja mkono wake, akaugonga kwa vidole, akasema kwa sauti ile ya mabonde:

"Wazee wangu, mshipa si kitu cha aibu. Kila mtu ana mshipa. Mimi ninao." Akamwelekezea kidole aliyekaa karibu naye. "Huyu mzee anao. Hata mama zenu nyumbani wanao!"

Wakuu, sijawahi kusikia baraza likanyamaza vile.

Mzee mmoja alianza kusoma istighfari. Wengine walivuta kanzu zikafunika magoti. Na yule aliyeelekezewa kidole alikuwa Bwana Shee. Uso wake uligeuka rangi. Akainuka, yeye ambaye huwa wa mwisho, akashika kanzu yake kwa mbele na kuondoka bila kuaga mtu.

Dresa akaniuliza kwa sauti ndogo, mara ya kwanza kumsikia nayo, kama amesema vibaya. Nikamwambia alichosema ni sahihi kabisa kwa Kiswahili cha mtihani.

Nilirudi nyumbani nikijua kwamba arusi nimeizika mimi na mwenzangu wa kaptula.

KARATASI YA TATU

Mwalimu naye ameandika, kwa wino mwekundu: "Istighfari na 'kaptula' katika ukurasa mmoja, haya." Ahsante, sir. Bado kidogo.

Asubuhi yake akaja mtumishi wa Bwana Shee. Naitwa, peke yangu, ghalani.

Mamangu alinivalisha kikoi kipya. Sote tulifikiri jambo moja: anataka kuniona kwa macho yake ndio aamue. Babangu akasema ni haki yake, mwenye mwana wa kiume ana haki. Nikaenda nikiwa nimejitayarisha.

Ghala la nazi lina giza hata mchana, na harufu ya mbata inakwenda mpaka kichwani. Bwana Shee alikuwa amekaa juu ya gunia. Akanipa ishara nifunge mlango. Nikafunga, nikatia komeo, nikasema bismillahi, nikaanza kulegeza kikoi.

"Funga nguo yako," akasema. "Sikukwita kukuona."

Nikafunga.

Nje punda mmoja alilia akamaliza. Kisha akauliza, anatazama nazi:

"Yule mtu wa hospitali aliyua vipi?"

"Alijua nini, Bwana Shee?"

"Kuwa ninao."

Mnanijua. Vichekesho vilikuwa vimejipanga mdomoni mwangu kama watoto wa chuoni mwisho wa somo. Nilivifungia ndani vyote. Nikamwambia kwamba dresa hakujua kitu, huelekeza kidole popote kilipo karibu, na alikuwa anasema habari za mshipa wa damu. Bwana Shee akafumba macho.

Kisha akauliza kwa upole sana, kama mtoto anayeuliza meno hung'olewa vipi:

"Na weye walikupasua wapi? Yaliuma?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuniita kunikagua. Aliniita kwa sababu ni mimi pekee hapa Amu niliyesemekana nina mshipa, nimeingia hospitali, na nimetoka natembea.

Ingekuwa rahisi kusema hakuuma. Angefurahi. Lakini ningekuwa nimeapa tena juu ya kitu kisichokuwepo.

"Sikupasuliwa, Bwana Shee. Mimi sina mshipa. Nilikuwa na vidudu damuni tu, nikapewa vidonge."

Isipokuwa mwalimu wa hesabu, sijaona mtu akasikitika vile kwa sababu nimepona.

Akaanza kusema, polepole. Ulimwanza kabla ya Kassim kuota ndevu. Akasikia ni madafu, akaacha madafu. Anasimama chini ya minazi yake mwenyewe, anawaangulia wageni, anawatazama wanakunywa, anasema yeye hana kiu. Watu wakamwita bahili, akaona heri bahili. Ukaendelea kukua. Akasikia ni maji ya birika yenye samaki.

Wa bara, nieleze: katika mabirika yetu ya kutawadhia ya nyumbani na ya msikitini, watu wa zamani walitia visamaki vidogo. Watoto huvirushia wali, wazee huviacha tu, hakuna anayeuliza vipo kwa nini.

Mtu fulani alimwambia Bwana Shee kwamba vile visamaki hutia uchafu majini, na uchafu ule ndio mshipa. Basi akavitoa vyote, vya ghalani na vya nyumbani.

Nikainuka nikaenda kwenye birika lililoko pembeni ya ghala. Nikasubiri macho yazoee giza. Maji yalikuwa yanachezacheza, yamejaa vile viluwiluwi vya mbu, vinajipinda vinapanda na kushuka. Nikamwita aje. Alikuja akaangalia. Nikamwambia hawa ndio wanaoota mbawa wakawa mbu, na chakula cha vile visamaki ni hawa.

Alitia mkono ndani ya maji, akautoa, akautazama unavyodondoka.

"Sasa nina mshipa," akasema, "na sina samaki, na sijanywa dafu."

Nilitaka kucheka na sikuweza. Nilimwambia yote niliyoyasikia kwa daktari: kwamba maji yaliyokwishajaa hayaondoki kwa vidonge, yanataka kisu, kwamba daktari huja na kufanya kazi hiyo, kwamba mtu hapasuliwi akisikia maumivu, huchomwa dawa ya ganzi kwanza. Kwamba haurithiwi. Baba na mwana wanapata kwa kuwa wanalala nyumba moja na mbu wale wale.

Hilo la mwisho alinifanya nilirudie. Kisha akaniambia la nyumbani mwake. Bi Khadija amekaa na siri hii miaka yote, amemfulia, amemfichia. Aliposikia kwetu nako umo, aliogopa. Wajukuu wachukue upande huu na upande ule? Ndio akatuma ile "tungoje kidogo."

Sasa wakuu, tuseme kweli kama tulivyoahidiana. Hapo arusi ya Mwanaidi ilikuwa mkononi mwangu. Neno moja tu lilitosha, wala si la vitisho, la adabu kabisa: "Bwana Shee, mimi nitanyamaza, na arusi je?" Nilikuwa nalo kwenye ulimi. Nilimwona dada yangu alivyoinua uso.

Lakini yule mzee alikuwa ameniuliza kama inauma. Mtu akishakuuliza vile, humfungi kamba.

Nikamwambia tu aende hospitali.

Akasema hawezi. Akionekana mlangoni pale, Bi Zuhura hatahitaji hata kusikia neno. Kassim ataambiwa, wajukuu wataambiwa, ghala litaitwa ghala la mshipa.

Ndipo nikasema jambo ambalo mpaka leo sijui lilitoka wapi:

"Basi nisindikize mimi. Mwenye mshipa ni mimi. Mji mzima unajua."

Akatoa komeo la mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Tukaenda, alipokuja daktari. Mchana kweupe, katikati ya mji, mimi mbele, Bwana Shee nyuma yangu. Kwa kuwa sasa ilikuwa kazi, nilitembea kama inavyotakiwa. Ile nazi niliyoirudisha jikoni sikuihitaji, miguu ilitosha. Watu walisimama madakani mwa nyumba zao wakisema masikini mwana, na tazama Bwana Shee alivyo na moyo, arusi ameizuia lakini mgonjwa anampeleka.

Dresa akatokeza. "Nani mgonjwa?"

"Mimi," nikasema, kwa sauti ya mabonde. "Mshipa!"

Akafungua mdomo kunikosoa. Bwana Shee akamwangalia. Sijui macho yake yalisema nini, lakini yule mtu akaufunga mdomo, akafungua mlango, akatuingiza wote wawili. Toka siku hiyo namheshimu.

Mimi nililala kitanda cha dirishani, mzima, nimejifunika mpaka kidevuni. Bwana Shee alikuwa kitanda cha ndani, na aliyeuliza aliambiwa kwamba mgongo umemshika kwa kukaa sana na mgonjwa. Wageni walikuja kunitazama. Mamangu hakuelewa kitu, akalia tu. Bi Zuhura aliniletea mkate wa mofa na mchuzi wa papa, na sitamsema vibaya tena kwa muda, maana ule mchuzi ulikuwa mchuzi.

Bwana Shee alitoka mzima. Vidonge alipewa pia, homa alipata. Mimi nilitoka nimenenepa.

Nilidhani yamekwisha. Siri yake, jina langu, na dada yangu aliyekuwa hanitazami. Sikumwambia hata yeye.

Ijumaa moja baada ya sala, watu wamejaa barazani, Bwana Shee akafika. Hakukaa. Alikuja akitembea katikati ya njia, kila mtu akimwona anavyotembea, akasimama mbele yao. Akamwita muuza madafu. Akasema anataka dafu, na litoke kwenye minazi yake.

Muuza madafu akachukua panga.

Likakatwa. Akalinyanyua, akanywa mpaka chini bila kupumzika. Likapasuliwa, akakomba ile nyama yake laini kwa kipande cha kumbi, pole pole, kama mtu anayekumbuka njia ya nyumbani. Kisha akafuta ndevu.

"Mwenye mshipa nalikuwa mimi," akasema. "Mwana huyu alinibebea."

Ndiyo maneno yake yote. Hakutoa hotuba ya mbu, hiyo niliitoa mimi baadaye bila kuombwa.

Jioni ile Bi Khadija alikuja kwetu kwa miguu yake, hakutuma mtu. Mimi nilitolewa nje kwa sababu ni mambo ya wakubwa, lakini mlango wa babangu una nakshi yenye matundu. Sikusikia neno la arusi hata moja. Niliwasikia yeye na mamangu wanalia, halafu wanacheka, halafu wanaulizana visamaki vinapatikana wapi.

Mwanaidi ameshaolewa. Kitanda kilifika salama, na hakuna ajuaye kwamba nilikilalia, isipokuwa nyinyi sasa.

Bi Zuhura anasema yeye alijua toka mwanzo.

Bwana Shee nilimwomba ruhusa kabla ya kutundika karatasi hizi. Akasema andika, watoto wa watu wapate kujua, ila usiandike kwamba nililia hospitalini. Kwa hiyo hilo siliandiki.

Nilichojifunza si kirefu. Neno likiwa na maana mbili, uliza ni ipi kabla ya kukimbia nalo mtaani. Birika liwe na samaki. Chandarua kishonwe tundu, hasa upande wako. Dafu nyweni, halina kesi. Na mwenye uvimbe asingoje mpaka ghala lijae.

Jambo la mwisho. Dresa ananilalamikia. Anasema toka siku ile wanaume wameanza kuja hospitali, na si wa mjini tu, wengine wanatoka mpaka Chundwa, ng'ambo ya bahari, lakini wanakuja wawili wawili, na akiuliza mgonjwa ni nani, kila mmoja anasema amemsindikiza mwenzake.

Penseli imefungwa kwenye msumari pale. Mwenye swali aandike, mwenye kubisha abishe, Twaha aache ile h. Na kama kuna mmoja wenu ambaye yeye au babake anataka kwenda na anaona haya, asiandike kitu. Aniguse tu bega nikitoka darasani. Nitatangulia mbele.

Jina ninalo tayari.